Sumu ya njiwa sokoni si dawa

Mhariri, nimesoma habari yenu kwamba njiwa wa soko letu watategewa sumu, nikaishiwa pozi. Hawa njiwa manga si ndege wa porini jamani, binadamu kawafuga maelfu ya miaka, kawala, kawatuma kupeleka barua, na Waingereza waliwapa njiwa 32 medali ya Dickin, ile ya ushujaa wa wanyama, kwa kazi ya Vita vya Pili vya Dunia, leo wamekuwa takataka!

Sawa, kinyesi kinakera, hata mie kimeshanidondokea begani na kanzu ya Ijumaa. Ila hiyo sumu kuku nao wataidonoa, na njiwa wengine watakuja tu maana mchele unamwagika chini ya meza za nafaka kila siku na hakuna anayefagia. Uongozi ufunge wavu chini ya paa, na wauzaji tufagie kabla ya kufunga.

Msomaji wenu, muuza maharage