Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Mmoja na Sakhalin

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliazimia tusome kitabu kimoja tu mwaka mzima: Kisiwa cha Sakhalin cha mwandishi wa Kirusi Anton Chekhov, kuhusu safari yake katika kisiwa hicho cha mashariki ya mbali ya Urusi. Mahesabu ya chama yamo katika taarifa ya mhazini, kwa hiyo mimi nitajikita kwenye kitabu hicho na jinsi kilivyotusaidia katika miswada yetu ya safari.

Nianze na tarehe, maana zilizua ubishi vikaoni. Chekhov aliondoka Moscow 21 Aprili 1890 akafika Sakhalin 11 Julai. Wengine walikuta 3 Mei na 23 Julai. Zote ni sahihi, kwani Urusi ilikuwa bado inafuata kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma kwa siku 12 katika karne ile. Mwandishi achague kalenda moja, asichanganye. Reli ya kuvuka Siberia ilikuwa haijaanza kujengwa. Safari ilikwenda kwa treni vipande vipande, meli za mtoni, na gari la farasi huku mito imefurika.

Kilichotufaa kuliko vyote ni kadi zake. Sakhalin ilikuwa kisiwa cha wafungwa wa kazi ngumu na walowezi waliomaliza vifungo vyao. Chekhov alichapishiwa kadi kisiwani humo, akapita nyumba kwa nyumba kuhesabu watu. Kadi iliuliza kijiji, namba ya nyumba, hadhi ya mtu, jina, umri, dini, alikozaliwa, mwaka aliofika, kazi, kusoma, ndoa, na kama analishwa na serikali. Kadi ya mwanamke aliipiga mstari wa penseli nyekundu. Kwa muda wa miezi mitatu hivi alijaza kadi kama 10,000.

Tazameni alivyouliza. Hakumuuliza mtu kama ana elimu ya kusoma na kuandika, aliuliza, "Unajua kusoma?" Sababu ni kwamba mkulima aliyeweza kusoma maandishi ya chapa lakini hawezi kuandika alijihesabu hajasoma kabisa, na jibu lingepotoka. Mwaka wa kufika nao ulisumbua: mke anataja huu, mume anamkatiza na kutaja mwingine. Hapo walianza kuhesabu miaka pamoja, na ikaonekana mume ndiye aliyekuwa sahihi.

Mwenyewe anakiri kwamba lengo lake kuu halikuwa takwimu, bali yale ambayo kazi ya kuhesabu ingemwonyesha. Hapa ndipo miswada yetu mingi iliyosomwa mwaka huu ilipokwama. Tafakuri ilitangulia maswali: kurasa tatu za upweke wa msafiri, na hatujui bado nauli ni kiasi gani wala nani anauza chai pale stendi. Kamati ya uhariri imeirudisha miswada hiyo na maelekezo ya kujaza kadi kwanza.

Sura ya 21 inastahili kusomwa polepole. Mfungwa Prokhorov anachapwa viboko 90. Chekhov anaandika kwamba kila baada ya mapigo matano mchapaji alihamia upande wa pili na kumpumzisha nusu dakika. Hatuambiwi tuhuzunike. Katikati mwandishi anatoka nje, anarudi, na hesabu bado inaendelea.

Kuna pengo pia. Gavana mkuu, Baron Korf, alimruhusu kwenda popote ila asikutane na wafungwa wa kisiasa, ndiyo maana hao karibu hawaonekani kitabuni. Msomaji asidhani hawakuwepo.

Waliochoshwa na vijiji vinavyofuatana wana haki yao. Kitabu kina sura 23, na takriban 14 za mwanzo zinafuata njia ya msafiri. Anzeni na ya 3, ya 6 na ya 21, kisha rudini mwanzo. Msimlaumu Chekhov kwa kuchelewa kukitoa: jarida la Russkaya Mysl lilianza kuichapa kazi hii mwaka 1893, na kitabu kamili kikatoka 1895.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza Goncharov, mwandishi mwingine wa Kirusi, aliyesafiri na manowari Pallada kuanzia 1852 akiwa katibu wa Admirali Putyatin, na akaandika kwa kirefu kuhusu Rasi ya Tumaini Jema. Kitabu ni kinene, hivyo tutakigawa.

Wenye nakala za Sakhalin wazirudishe kwa mkutubi kabla ya mkutano mkuu, wakiwa wamefuta alama zao za penseli.

Mwenyekiti