Trela la kupiga kambi lihesabiwe kilo kabla ya kuchomelewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie matrela madogo ya kulala safarini, yale yenye umbo la tone la maji, ambayo vijana kadhaa wamekuwa wakija kuyaulizia katika karakana ninayofundishia useremala hapa Jinja. Huja na picha kwenye simu, akiba kidogo mfukoni, na hamu ya kuiona nchi yao: mbuga za Murchison, Kidepo, Ziwa Mburo, Semuliki. Hamu hiyo ninaiunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa Mganda wa kipato cha kawaida akitaka kutembelea mbuga hukwamishwa na bei ya chumba, ilhali trela lenye godoro kavu na jiko la nyuma lingemwezesha kulala katika uwanja wa kambi na mwenzi wake kwa gharama anayoimudu. Kinachonitia wasiwasi ni michoro wanayorudi nayo baada ya kupitia kwa mafundi wa chuma. Karibu yote ni ya matrela mazito mno, na uzito huo huamuliwa siku ya kwanza, kabla hata kipande kimoja hakijakatwa.

Kwa wasiolifahamu, trela la aina hii ni kijumba cha magurudumu mawili ambacho mtu huingia kulala, wala hawezi kusimama ndani yake. Mbele ni kitanda cha watu wawili. Nyuma pana mlango unaofunguka kwenda juu, na chini yake hukaa jiko, maji na vyakula, mpishi akisimama nje. Lilianza Marekani katika miaka ya 1930, na baada ya Vita Kuu ya Pili majarida ya ufundi ya huko yalichapisha michoro yake ili mtu aweze kujitengenezea nyumbani. Upana wa futi 4 na urefu wa futi 8 ulifuata karatasi moja ya plaiwudi, yaani mita 1.22 kwa 2.44, na karatasi za vipimo hivyo hivyo ndizo tunazonunua leo kwenye soko la mbao la Ndeeba, Kampala, na hapa Jinja. Sakafu hutoka katika karatasi moja, kila ubavu katika karatasi moja, bila kiungo na bila mabaki mengi. Uso wa mviringo na mgongo unaoteremka taratibu kuelekea nyuma huuachia upepo upite, ingawa kwa maoni yangu kimo kidogo, kisichozidi kimo cha gari lenyewe, husaidia zaidi ya umbo.

Magari yetu wengi ni yale yaliyokwisha kutumika Japani: Premio, Wish, Noah, injini za cc 1500 hadi 2000, na giaboksi za otomatiki ambazo hupata joto kali zikivuta mzigo mlimani. Gari kama hilo likipandisha Kapchorwa, au njia ya kutoka Kabale kwenda Kisoro, likiwa na watu wanne na mizigo yao, tayari limebeba kadiri linavyoweza. Tena trela dogo la kujitengenezea kwa kawaida halina breki. Gari ndilo linalolisimamisha. Uingereza, kwa mfano, trela lisilo na breki haliruhusiwi kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo wake, wala kuzidi nusu ya uzito wa gari linalolivuta, hivyo gari la kilo 1200 huishia kilo 600. Kwa barabara zetu mimi humwambia kijana alenge kilo 350 trela likiwa limepakiwa kila kitu, na asome kwanza kitabu cha gari lake, kwani yapo magari ambayo mtengenezaji hakuyakusudia kuvuta chochote.

Fundi wa Katwe, mtaa wa mafundi chuma kule Kampala, ni hodari, na nasema hivyo kwa heshima, lakini mkono wake umezoea mageti, matangi na bodi za malori, ambako chuma kinene ndicho dhamana ya kazi. Akisikia trela, huchukua chaneli, chuma chenye umbo la U, ya milimita 100, ambayo mita moja ina kilo 10 hivi. Fremu ya trela hili, pamoja na mkono wa kuvutia, yaani chuma cha mbele kinachoiunganisha na gari, inahitaji kama mita 13 na nusu za chuma; kwa chaneli hiyo ni zaidi ya kilo 130 kabla ya ekseli, tairi wala ubao mmoja. Kwa mihimili miwili mirefu na mkono wa kuvutia, bomba la mraba la milimita 50 lenye unene wa milimita 3, ambalo lina kilo 4.4 kwa mita, linatosha. Kwa vipande vya kukatiza, bomba la milimita 40 lenye unene wa milimita 2 linatosha. Fremu nzima inakuwa kilo 50 hivi. Wanaoniuliza kama haitapinda huwajibu kwamba sakafu, mbavu na paa vikigundishwa na kufungwa sawasawa huwa sanduku moja, na sanduku hilo ndilo linaloizuia fremu isipinde. Mahali pekee nisipokubali kupunguza ni pale mkono wa kuvutia unapokutana na fremu, kwa kuwa nyufa huanzia hapo. Mkono upite chini ya mhimili wa mbele na kuendelea hadi kipande cha pili cha kukatiza, na kila pembe iongezewe bamba.

Mbavu nazo zina hesabu yake. Karatasi ya plaiwudi ya milimita 18 ina zaidi ya kilo 30, na mbavu mbili ni zaidi ya kilo 60 zilizowekwa juu, mahali pabaya kwa trela linalopita makorongoni. Ukitengeneza kila ubavu kwa ngozi mbili za plaiwudi ya milimita 4, katikati ukaweka vipande vyembamba vya mbao na kujaza nafasi kwa polisitirini ile nyeupe inayofungiwa televisheni, unapata ubavu wa kilo 20 hivi ambao ni mgumu kuliko ule wa kwanza, kwa sababu ugumu hutokana na umbali kati ya ngozi mbili. Pia joto la mchana halipenyi upesi. Kwa vipande vya ndani musizi hufaa, ni mbao nyepesi na si adimu kwetu, mradi ipakwe dawa ya wadudu kabla ya kufungiwa ndani, kwa kuwa ikishaanza kuliwa huko hakuna atakayeiona. Mvule ni mti mzuri sana, lakini trela hili si mahali pake.

Sasa nije kwenye mahali pa ekseli, jambo ambalo ningependa kila mwenye nia ya kujenga alisome polepole. Wengi huiweka katikati ya kijumba kwa kuwa inapendeza machoni. Trela lililo zito nyuma ya ekseli huuinua mkia wa gari, na mwendo ukiongezeka huanza kuyumba kushoto na kulia, kila myumbo ukiwa mkubwa kuliko uliotangulia, hadi dereva akashindwa na usukani. Trela la tone lina hatari hiyo zaidi ya mengine, kwa sababu jiko, mtungi wa gesi, sufuria na maji vyote viko mkiani. Kinga yake ni hesabu ya Darasa la Saba. Andika kila kitu kitakachokuwemo, kuanzia fremu hadi godoro, na uzito wake; pima umbali wa kila kimoja kutoka kwenye tufe la kuvutia, lile la nyuma ya gari ambalo trela hufungwa juu yake; zidisha uzito kwa umbali, jumlisha yote, kisha gawanya kwa uzito wote. Jibu ndilo kitovu cha uzito, mahali ambapo trela lingesawazika. Tuseme trela lina kilo 350 na kitovu kimeangukia mita 2.45 kutoka kwenye tufe. Tunataka tufe libebe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote. Tukichagua 12, gawanya 2.45 kwa 0.88, na ekseli inakwenda mita 2.78, yaani sentimita 33 nyuma ya kitovu. Tufe litabeba kilo 42, magurudumu kilo 308. Kama gari lako haliruhusiwi kubeba kilo 42 mkiani, ni heri kulijua jambo hilo ukiwa bado na penseli.

Maji yanahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa ndiyo mzigo unaopungua safarini. Jerikeni mbili za lita 20 ni kilo 40. Ukiziweka mbele kabisa ili kusawazisha jiko la nyuma, trela litakuwa salama siku ya kuondoka, lakini siku ya kurudi, jerikeni zikiwa tupu, tufe litakuwa limepoteza uzito lililoutegemea. Ziwekwe juu ya ekseli au karibu nayo, ambako zikijaa au zikiisha hazibadilishi kitu. Betri pia ichunguzwe: ya asidi na risasi ya Ah (ampea-saa) 100 hukaribia kilo 30, na ya lithiamu ya kiasi hicho hicho huwa kilo 12 hivi, ingawa bei yake bado inaumiza.

Hesabu ya karatasi ihakikiwe kwa chuma na mbao halisi. Wanunuzi wa mahindi na kahawa wanayo mizani ya kuning'inia. Pakia trela kama utakavyosafiri nalo, funga mizani kwenye boriti imara, uning'inize mkono wa kuvutia kwa kamba pale penye tufe, trela likiwa limesimama sawa na magurudumu yamewekewa vizuizi, na mshale utakuambia kilo ngapi. Kwa hiyo ekseli isichomelewe moja kwa moja. Ifungwe kwa boliti za U ili iweze kusogezwa sentimita chache baada ya kipimo hicho.

Springi huharibu kazi nzuri mara nyingi kuliko mvua. Fundi akiambiwa trela litakwenda Kidepo huchukua springi za pikapu, zilizoundwa kwa mzigo mara kadhaa ya huu. Chini ya kilo 350 haziinami. Kila mgongo wa barabara ya murram, ile ya udongo mwekundu wa changarawe, hupanda moja kwa moja hadi kwenye mbao, skrubu hulegea, na riveti za bati huanza kukatika. Springi iwe na majani machache, yaani zile bamba za chuma zilizopangwa, yanayolingana na mzigo, na trela likipakiwa macho yaone kwamba limeshuka. Tairi ziwe za ukubwa wa tairi za gari, na habu, vitovu vya magurudumu, ziwe na mashimo ya boliti yanayolingana, ili tairi moja ya akiba itumike kote. Hapo nakubali kilo za ziada bila ubishi, kwa sababu kati ya Kotido na Kaabong, huko kaskazini-mashariki njiani kwenda Kidepo, si mahali pa kutafuta tairi ya inchi 10.

Kuhusu mvua nitasema machache. Maji huingilia kwenye bawaba ya mlango wa nyuma, kwa hiyo pawekwe mfereji mdogo chini yake unaomwaga pembeni, na kingo zote za plaiwudi zinyweshwe rangi au gundi kabla ya kufunikwa. Asiyemudu bati la aluminiamu anaweza kugundisha turubai ya pamba juu ya paa na kuipaka rangi ya nje mara kadhaa. Rangi yenyewe isiwe buluu wala nyeusi: mbung'o huvutwa na rangi hizo, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi, na Murchison mbung'o wapo.

Hewa ni suala la uhai. Watu wawili wanalala katika nafasi ya mita 3 za ujazo hivi, hivyo kuwe na matundu mawili yenye wavu wa mbu, moja chini na jingine juu upande wa pili, yasiyoweza kuzibwa kabisa hata na mwenye kuhisi baridi. Sigiri isiingizwe ndani kamwe, hata ikiwa imebaki na makaa mawili. Kaboni monoksaidi haina harufu, na aliyelala hapati onyo.

Naiomba Wizara ya Kazi na Uchukuzi itoe kijitabu cha kurasa chache, kwa Kiswahili pia, kinachomweleza mwananchi trela jepesi la kujitengenezea likaguliwe vipi, liwe na taa gani na minyororo gani ya usalama. Nawaomba vilevile wenzangu wa vyuo vya ufundi, wa mbao na wa chuma, tuwaweke wanafunzi wetu meza moja, kwa sababu trela hili haliwezi kuwa jepesi fremu ikichorwa Katwe na kijumba kikachorwa kwingine. Mwanafunzi yeyote atakayefika hapa na orodha ya uzito na umbali iliyokamilika, nitamsaidia kwa furaha kuchora mbavu zake kwa ukubwa kamili kwenye sakafu ya karakana.

Mwalimu wa useremala,
Jinja