Mwanangu, kile kitabu ulichokiacha nimekimaliza

Marahaba mwanangu, shikamoo yako ya asubuhi niliipata, sikujibu kwa sababu nilitaka nitulie nikuandikie vizuri, maana haya sio mambo ya kuongea kwenye simu huku watu wanapita pita.

Kile kitabu chenye maua kwenye jalada, It Ends with Us, ulichokisahau juu ya kabati ulivyokuja likizo, nimekisoma chote. Siku kumi na mbili, na dikshenari ya kwenye simu pembeni. Usishtuke. Zile kurasa za chumbani nimeziruka, hizo tuziache, ila zilizobaki nimezisoma neno kwa neno.

Unajua mimi hadithi za mapenzi sijaanza leo. Shangazi yako akiwa sekondari alikuwa anazificha Mills & Boon chini ya godoro, zinapokezanwa na wenzake mpaka jalada linachomoka, na mimi mbele ya wavulana wenzangu najidai msomaji wa riwaya za uhalifu za James Hadley Chase lakini akitoka tu naziiba nasoma. Mwanaume wa mule ndani alikuwa tajiri au daktari, ana kiburi toka ukurasa wa kwanza, anamvuta dada wa watu mkono, anambusu kwa nguvu, halafu mwishoni tunaambiwa kumbe muda wote alikuwa anampenda. Tuliamini kabisa, mimi na yeye.

Sasa hizi simulizi za WhatsApp za siku hizi mama yako ananisomea. Bosi bilionea, ndoa ya mkataba, kila sehemu inakatwa pale pale mlango unapofunguliwa, itaendelea, ukitaka yote tuma hela kwa namba hii. Zinavuta, sikatai, kuna waandishi mule wanajua kukushika. Ila huyo bosi anapekua simu ya binti, anamkataza marafiki zake, anamfuata mpaka kwao usiku wa manane, na msomaji anatakiwa aone raha kwamba huyu kweli anapenda. Mimi hapo ndo nakataa. Siku hizi nikisoma mapenzi naangalia kitu kimoja, binti akisema hapana huyo mwanaume anafanyaje. Basi.

Ndo maana kitabu chako kimenishika. Huyu mama Colleen Hoover alikitoa 2016, na mwenyewe ameandika kwamba amekitoa kwenye maisha ya mama yake mzazi, alikuwa anapigwa na mume akaondoka mwandishi akiwa bado mtoto mdogo. Na mwanzoni hakwambii. Anakufanya umpende Ryle, daktari wa upasuaji, mcheshi, anampenda Lily, yule dada mwenye hadithi, na duka lake la maua, na mimi mzee mzima nikampenda. Halafu siku hiyo anatoa chakula kwenye oveni, anaungua mkono, Lily anacheka, na kabla hujageuza ukurasa keshamsukuma yuko chini. Nilirudi nyuma nikasoma tena nikidhani Kiingereza kimenipiga chenga. Na mara tu baada ya pale anaomba msamaha, na Lily anamtafutia sababu, na mimi pia nikajikuta namtafutia sababu, alikuwa ameumia, ana mkono wa upasuaji. Hapo nikafunga kitabu nikaenda kukaa nje.

Kasoro zipo. Atlas, yule mpenzi wa Lily wa zamani, ni mwema kupita kiasi, hana hata doa, mtu wa hivyo mi sijamwona. Na wanavyokiuza kama hadithi tamu ya mapenzi sio haki kwa mtu aliyepitia hayo, mpaka 2023 wakatangaza kitabu chake cha kupaka rangi, wasomaji wakaja juu, kikafutwa. Walifanya vizuri kuja juu.

Ila pale mwishoni, mtoto wa kike amezaliwa, Ryle kampakata, na Lily anamuuliza, huyu akikua akaja kukwambia mwanaume wake anampiga, utamwambia nini. Mwanangu, lile swali ameulizwa baba. Nimeulizwa mimi.

Kuna kitu sijawahi kukwambia. Shangazi yako alirudi nyumbani akiwa na miaka ishirini na nne, na kibegi cha bluu zipu imekufa kafunga kwa kipande cha kanga, sikio la kushoto limevimba. Wazee wakakaa, wakasema avumilie, ndoa ndo zilivyo, na mimi kaka yake ndo nilipewa kazi ya kumsindikiza. Nikabeba kile kibegi mpaka kwenye basi. Njiani hakuongea kitu, na mimi nikaona afadhali. Alikaa kule miaka tisa mingine. Lile sikio halisikii mpaka leo, ndo maana ukiongea naye anageuza kichwa, ulikuwa unauliza sana ulivyokuwa mdogo tukakwambia ni ugonjwa.

Sasa nikujibu na wewe, kabla hujaniuliza. Siku yoyote, hata iwe umeolewa, hata mahari imeliwa yote, hata una watoto watatu, unarudi na chumba chako kipo, na hakuna mtu wa nyumba hii atakayekubebea begi kukurudisha.

Wiki mbili zilizopita nilienda kwa shangazi yako nikamwomba msamaha. Alinyamaza kwanza, akaendelea kuchambua mchele wake, halafu akaniuliza nimekumbuka nini, nikamtajia kitabu. Kiingereza kimeshamtoka na maandishi madogo hayaoni, kwa hiyo kila jioni namsimulia kwa simu sura moja moja, kwa hiyo usiniharakishe kukirudisha. Jana tumefika pale kwenye oveni. Akaniuliza kama huyo dada atarudi kwa mumewe, nikamwambia asubiri, bado hatujafika.