Karatasi Haikuwa Ngazi ya Wangechi Mutu

Mhariri,

Jumapili iliyopita nilisoma makala yenu kuhusu Wangechi Mutu nikiwa kazini, gazeti nimelitandaza juu ya meza ya kukatia. Nilifurahi kuona msanii wetu amepewa ukurasa mzima. Lakini kuna sentensi moja imenikaa rohoni juma zima: kwamba "alianza kwa kubandika picha za magazeti kabla ya kuingia katika sanaa yenyewe ya uchongaji." Naomba nafasi niijibu, maana karatasi na gundi ndizo zinazonilisha. Nafunga vitabu River Road, hapa Nairobi, mwaka wa 22 sasa: tasnifu za wanafunzi, rejesta za makanisa, Biblia zilizokatika mgongo.

Tuanze na miaka yenyewe. Mutu alizaliwa Nairobi mwaka 1972, akaenda kusoma Wales, kisha New York. Shahada ya kwanza aliipata Cooper Union mwaka 1996 na ya uzamili Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2000. Hiyo ya uzamili ilikuwa ya uchongaji. Kwa hiyo uchongaji alikuwa ameusomea na kuuhitimu kabla kolaji, yaani picha za vipande vilivyokatwa na kubandikwa, hazijampa jina duniani. Patasi alikuwa nayo, akashika mkasi. Mtu hafanyi hivyo kwa kukosa la kufanya. Ameona kuna neno ambalo shaba haiwezi kumsemea, karatasi inaweza.

Neno lenyewe ni lipi? Angalieni alikokuwa anakata. Majarida ya mitindo, National Geographic, majarida ya pikipiki, majarida ya picha za utupu. Kila moja kati ya hayo lilikuwa limeshausema mwili wa mwanamke, na mengine yameusema mwili wa Mwafrika kwa namna ambayo mzazi hawezi kumwonyesha bintiye. Mutu angeweza kuchukua penseli akachora mwanamke mpya, safi, asiyeguswa na hayo yote. Badala yake alichukua karatasi ileile iliyotukana, akaipasua, akaipanga upya. Mguu wa mwanamitindo unaishia kwenye vyuma vya pikipiki. Ngozi ya mnyama inakuwa shavu. Ukitazama unajua kabisa vipande vimetoka wapi, na ndipo vinapouma. Hilo haliwezekani kwa penseli, kwa sababu penseli haina historia. Karatasi iliyochapishwa inayo.

Sijawahi kusimama mbele ya kolaji yake hata moja. Nimezikuza kwenye simu ya mwanangu mpaka picha zikavunjika. Zilizonishika zaidi ni zile 12 za katikati ya miaka ya 2000 zinazoitwa Histology of the Different Classes of Uterine Tumors. Msingi wa kila moja ni ukurasa wa zamani wa michoro ya udaktari unaoonyesha maradhi ya mji wa mimba. Ukurasa wenyewe si mkubwa, sentimita 46 kwa 31, unaizidi A3 kidogo tu. Juu yake kabandika midomo, macho na nywele za majaridani, mpaka mchoro wa ugonjwa ukageuka uso wa mwanamke anayekukodolea. Majina aliyozipa picha hizo ni ya kidaktari, makavu kabisa. Katika moja ametumia tepu ya kufungia maboksi na manyoya. Katika nyingine, unga wa kumetameta.

Sasa niseme kama fundi. Karatasi ya jarida la mitindo imepakwa udongo laini unaoifanya ing'ae. Ukiichana kwa mkono, ukingo unaacha utepe mweupe, na utepe huo kwenye uso wa mtu unaonekana kama kovu. Ukitaka usionekane, lazima wembe uwe mpya na mkono usitetemeke. Halafu gundi: gundi ya maji inaivimbisha karatasi kwa upande mmoja wa nyuzi zake kuliko upande mwingine, kwa hiyo jicho ulilolikata likiwa duara linaweza kukauka likiwa yai. Karatasi ya gazeti ndiyo mbaya zaidi. Ni nyembamba, inakunywa gundi, na maandishi ya nyuma yanajitokeza mbele. Nimepoteza kurasa nyingi nikijifunza hayo, na zilikuwa kurasa tupu za rejesta, bila uso wa mtu juu yake. Yeye anayafanya kwa mamia ya vipande katika kazi moja, karatasi za uzito tofauti, ngozi, shanga, rangi, vyote vilale pamoja bila kuinuana.

Kuna tena zile kazi zake kubwa alizozitia wino juu ya Mylar, ile plastiki ngumu kama ya kuchorea ramani. Plastiki hainywi wino. Wino unatuama, unasambaa unakotaka, unakauka kwa madoa kama ngozi iliyovia damu. Ndiyo maana wanawake wake wanaonekana wagonjwa na wazuri kwa wakati mmoja. Ni uamuzi wa mtu anayejua kila kitu kinafanya nini kikilowa. Benki ya Deutsche Bank ilipompa tuzo ya msanii wa mwaka, 2010, ikiwa mara ya kwanza kuitoa, na maonyesho yakafanywa Berlin, wengi walikuwa wanamjua kwa kazi hizohizo za karatasi na wino.

Tukifika kwenye shaba, hapo ndipo makala yenu iliposhangilia, na kwa haki. Mbele ya jumba la Metropolitan Museum of Art, New York, kuna vishubaka vilivyojengwa kwa ajili ya sanamu. Upande huo wa jengo ulifunguliwa mwaka 1902 na vishubaka vikakaa vitupu mpaka 2019, miaka 117, Mutu alipoweka humo wanawake wanne wa shaba nyeusi wenye kukaa wima kama malkia. Lakini watazameni tena. Miili imezungushiwa mapindo kama kamba zilizopangwa safu kwa safu. Mmoja ana kisahani king'aavu mdomoni, mwingine usoni, mwingine kisogoni. Kisahani hicho hakikuota pale. Kimewekwa, kama anavyoweka duara la karatasi juu ya uso, kikavunja uso na kuukamilisha papo hapo. Macho yangu yanaona kolaji iliyosimama. Na hizo sanamu zake nyingine za udongo mwekundu, mmeandika "udongo" tu. Ndani yake kuna rojo ya karatasi na gundi ya mbao. Karatasi haijaondoka mikononi mwake hata siku moja. Mwaka 2023 New Museum ya New York ilipokusanya kazi zake zaidi ya 100 za miaka 25 chini ya paa moja, kolaji na shaba zilikaa pamoja, hakuna iliyofichwa kama daftari la darasa la kwanza.

Mnaweza kuuliza kwa nini fundi wa vitabu anashikilia hivi sentensi moja. Nitawaambia.

Mwezi uliopita binti mmoja wa kidato cha nne aliniletea kazi zake nimfungie albamu. Kurasa 14. Alikuwa amezipeleka kwenye mashindano fulani ya sanaa ya wanafunzi, zikarudishwa bila kupangiwa nafasi yoyote. Waamuzi walimwambia hakuchora mwenyewe, amebandika kazi za watu. Aliyasema hayo huku anafungua bahasha, hanitazami.

Ukurasa wa tatu ni nyanya yake. Leso ni kipande cha leso kweli, upana wa vidole viwili. Mkufu ni kadi za simu za kukwangua, zimekatwa vipande vidogo kama punje za mahindi. Lakini shavu ndilo lililonifanya niketi. Amelitengeneza kwa karatasi ya pakiti ya unga. Aliikunjakunja ngumini, akaikunjua, akaipaka chai ya rangi, na chai ikaingia kwenye mikunjo ikakauka humo, nyeusi zaidi kuliko kwingine. Makunyanzi yale hayakuchorwa, ni kweli. Yalikunjwa. Katika miaka yangu yote ya kushika karatasi sijaona makunyanzi yaliyo karibu zaidi na ya mtu mzee. Nilimuuliza alijaribu mara ngapi. Akasema pakiti tisa.

Pakiti tisa za unga, halafu anaambiwa hajafanya kitu!

Nilitamani kuwajibu waamuzi wale kwamba swali lao lilishajibiwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mwaka 1912 wachoraji Picasso na Braque walikuwa wanagundisha kitambaa cha meza kilichopakwa mafuta na karatasi za ukutani kwenye picha zao huko Ufaransa. Hannah Höch, msanii Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1889, aliajiriwa na kampuni ya uchapishaji ya Ullstein mjini Berlin kuanzia 1916, akiwachorea wasomaji wanawake mifano ya kudarizi. Majarida yaliyompa mshahara ndiyo aliyoyakata, akayatumia kuwasema wanasiasa na majenerali wa nchi yake, na mwaka 1920 kazi yake ikatundikwa katika maonyesho makubwa mjini humo. Kazi ya mikono ya kike, kudarizi na kukata vitambaa, ndiyo iliyomfunza jicho. Binti huyu hajawahi kulisikia jina la Höch. La Mutu alilisikia, na siku ile alikuwa na ukurasa wenu ndani ya bahasha. Aliisoma sentensi ileile niliyoisoma mimi. Aliponiuliza, "Kwa hiyo hata yeye aliacha?" sikuwa na gazeti la kumwonyesha kinyume.

Ndiyo sababu naandika. Sitaki mniombe radhi wala kuomba radhi kwa yeyote. Nataka mkirudi tena kwa Mutu, au kwa kijana yeyote wa hapa nyumbani anayefanya kolaji, mwandishi wenu asogee karibu. Aulize vipande vimetoka wapi na kwa nini hivyo. Aulize gundi gani. Na chini ya picha muandike vitu vilivyotumika, kama mnavyoandika idadi ya mabao chini ya picha ya mpira: wino, tepu, manyoya, ukurasa wa kitabu cha udaktari. Safari hii picha mliyochapa ilikuwa ndogo kama stempu, na maelezo yake yalisema "Mojawapo ya kazi za awali." Msomaji hakuweza kuona mshono hata mmoja. Picha ya sanamu mliipa nusu ukurasa. Kolaji ndiyo inayohitaji ukubwa, kwa sababu jambo lote liko pale kipande kinapokutana na kipande.

Albamu ya binti yule iko mezani kwangu ninapoandika. Albamu ya kolaji haifungwi kama tasnifu. Kila ukurasa umenenepa kwa vilivyobandikwa, mgongoni ukabaki mwembamba, na ukiifunga hivyohivyo inaachama kama mdomo wa samaki na kurasa zinasuguana mpaka vipande vinabanduka. Dawa yake ni kuweka utepe wa karatasi ngumu kati ya ukurasa na ukurasa, upande wa mgongo tu, ili unene ulingane. Nimeshakata 13. Kwa ukurasa wa nyanya nimeongeza wa pili, kwa ajili ya zile kadi za simu. Nimeshona kwa uzi uliopakwa nta, na gundi ya mgongo nimeipika kwa unga wa ngano, ili siku ikihitaji kufunguliwa tena maji yatoshe kuilegeza. Binti anakuja kuichukua Ijumaa baada ya masomo. Kama barua hii itakuwa imetoka kufikia siku hiyo, nitaiweka ndani ya jalada.

Ndimi msomaji wako,
Mfunga vitabu, River Road, Nairobi