Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Masharti ya Pesa Tunazofanyia Kazi

Wanachama wenzangu, hamjambo. Mweka hazina atawasomea hesabu baada yangu, kwa hivyo mimi sitazigusa. Nitasema juu ya masharti, maana mwaka huu ndiyo yaliyotutoa jasho.

Tangu uzinduzi wa Septemba 2023, tulipokabidhiwa mikoba ya vifaa vya kazi sisi wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote Kenya, marupurupu yetu ni shilingi 5,000 kwa mwezi: 2,500 za serikali kuu na 2,500 za kaunti. Mpango wenyewe una mantiki, kwa sababu Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti afya ya msingi. Lakini mifuko miwili haifunguliwi siku moja. Kuna miezi tuliyopokea nusu, tukafanya kazi nzima.

Sharti zito kuliko yote ni la simu. Ripoti isiyofika kwenye mfumo haihesabiwi. Mwenzetu mmoja wa kule bondeni alimaliza nyumba zake zote, mtandao ukamkatalia hadi mwezi ukafungwa, na kwenye orodha akaonekana hakutoka kwake. Tulikwenda ofisini mara tatu na daftari lake, lenye sahihi za wenye nyumba. Mara ya tatu likakubaliwa. Ndiyo maana kamati iliamua kila mmoja aendelee kuandika daftarini, hata kama mmeambiwa makaratasi yamekwisha. Najua ni kazi mara mbili. Fanyeni hivyo hivyo.

Sina ugomvi na kuhesabiwa. Pesa za umma lazima zijulikane zilikokwenda. Ila kila mwezi naulizwa tumefika nyumba ngapi, na bado sijaulizwa ni akina mama wangapi walioanza kliniki mapema kwa sababu tuliwapigia hodi. Mkobani mna mashine ya kupima sukari, vijiti vyake viliisha mwezi wa nne, na tangu hapo tunaibeba kama pambo. Halafu tangu SHA, ile bima ya afya ya serikali, ianze Oktoba 2024, watu hutuuliza mlangoni kama tumekuja kuwasajili. Mtu akishadhani umekuja kumwandikisha, mkono wa kupimwa presha hakupi.

Sasa la aibu. Tuliomba ruzuku ya serikali ya kujenga vyoo na kuweka vibuyu chirizi vya kunawia mikono katika shule mbili. Walitaka cheti cha usajili kilicho hai, akaunti ya benki ya chama, na kumbukumbu za mkutano uliopitisha mradi. Akaunti tunayo, kumbukumbu tunazo. Cheti kilikuwa kimepitwa na muda kwa miezi miwili, na tarehe imeandikwa pale pale chini, na cheti chenyewe kinaning'inia nyuma ya kiti changu. Hilo sitamsukumia katibu. Ni langu.

Cheti tumekihuisha. Maombi ya duru ijayo yako tayari, na anayetaka kuyasoma kabla hayajatumwa ayaombe leo. Safari hii wanataka chama kichangie sehemu ya gharama, na ninyi ndio mtakaoamua, kabla hatujaachana hapa, kama tutatoa pesa au tutatoa siku za kuchimba mashimo.