Mama anasema namlipa mtu ili nimsengenye

Shangazi, shikamoo.

Ni saa kumi alfajiri, usingizi umegoma. Nasikia lile neno tu: eti kila Alhamisi namlipa mtu ili nikamsengenye mama yangu mzazi. Kalisema jikoni, mikono imejaa unga, mbele ya mama wadogo wote. Hakuna aliyemkanya.

Huyo mtu ni mshauri wangu wa saikolojia, na hajawahi kuniambia nimchukie mama. Mara nyingi hata hatajwi! Dakika 50 zinaishia kwenye pumzi: vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6, maana kutoa ndiko kunakoshusha mapigo ya moyo. Ukianza kuganda kwa hofu, kanyaga sakafu, taja vitu 5 unavyoviona, shika maji baridi. Huko ndiko kusengenya?

Wala sijajitungia ugonjwa. Unaitwa PTSD changamano, yaani kiwewe cha mtu aliyeumizwa kwa muda mrefu, na umo kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu Januari 2022. Mbali na majinamizi, kukwepa na kushtukashtuka, kuna mambo 3 zaidi: hisia zisizotulizika, kujiona hufai, kushindwa kukaa karibu na watu. Hilo la kujiona hufai ndilo mama aliloligonga pale jikoni.

Judith Herman, daktari wa akili wa Marekani, aliipanga tiba ya kiwewe kwa ngazi 3 mwaka 1992: usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, mwisho kurudi kwa watu. Mimi nataka kuanza ile tiba ya masimulizi, ya kamba. Unaitandaza sakafuni, inaanzia siku uliyozaliwa, ua kwa kila jema, jiwe kwa kila baya. Baadaye unasimulia tukio moja moja kwa mpangilio, mshauri anaandika, kikao kinachofuata anakusomea. Wakimbizi wa Nakivale, Uganda, walitibiwa hivyo. Ila ukikatisha hofu ikiwa juu, unarudi nyumbani na hali mbaya zaidi. Lazima mkae mpaka ishuke, ndiyo maana vikao vya tiba hiyo huwa virefu, dakika 90 na kuendelea.

Mshauri anasema bado. Wapo wataalamu wanaodai ngazi ya kwanza hurefushwa bure, na mimi naelekea kuwaamini. Jibu lake ni kwamba hakuna usalama wakati anayekuumiza bado anakupigia simu kila jioni.

Sasa mama anataka kuja kikaoni, "ajitetee". Mshauri anasema labda ngazi ya tatu. Na mimi sitaki, sitaki hata kumwona. Lakini jana hakupiga, nikashinda na simu mkononi mpaka usiku. Kumsengenya, Shangazi! Mimi!

Jumapili kuna kikao cha harusi ya mdogo wangu, na nimeambiwa nimwombe mama radhi mbele ya wote. Nikiomba, nimelikubali lile neno. Nisipoomba, nimemharibia mdogo wangu. Naomba ushauri wa hilo. Halafu huku kutaka kuja kwake, je, ni kweli anakuja kujitetea tu, au hajui namna nyingine ya kunifuata?