Sahibu, Usimwache Fundi Aifungue Hiyo Betri

Kisauni, Mombasa

Sahibu yangu mpenzi,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako ilinifikia jana baada ya alasiri, nikaisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu masaibu unayoyaeleza niliyapitia mimi mwenyewe hapa Kisauni, na hata maneno uliyoambiwa dukani ni ndugu wa yale niliyoambiwa mimi. Nashukuru kwamba nyote ni wazima huko Malindi. Hilo la betri yako ya sola, inayozima usiku kabla dhamana yake haijaisha, tutalishughulikia.

Naanza na jambo lisiloweza kungoja. Umeandika kwamba fundi wa mtaani kwenu amejitolea kuifungua betri siku ya Ijumaa, aitafute seli iliyochoka (moja ya betri ndogo ndogo zilizomo ndani yake) na kuibadilisha kwa bei nafuu. Tafadhali mzuie. Sina shaka na ujuzi wake. Huenda kweli akaipata seli hiyo, na taa zako zikawaka hadi alfajiri. Lakini juu ya skrubu za kifuniko pana kibandiko cha kiwanda, na siku kitakapochanika, karatasi yako ya dhamana ya miaka 10 (waranti, kama wanavyoiita wenyewe madukani) haitakuwa na kazi ila kufungia karanga. Tena mle ndani mna seli 16 zilizounganishwa mfululizo, na spana ikiangukia pasipostahili itapitisha mamia ya ampia kwa nukta moja. Na kama betri imevimba, au inatoa harufu, au ubavu wake una joto hata wakati haitumiki, basi usifanye hata vipimo nitakavyokueleza hapa chini: izime, iepushe na vitu vinavyoshika moto, uwapigie simu waliokuuzia siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Unasema skrini huonyesha asilimia 40, kisha nyumba nzima huingia giza ghafla saa tatu usiku. Dalili hiyo yaweza kutokana na maradhi mawili tofauti, na moja kati yake halina dai lolote. Asilimia unayoiona haitokani na kupima kilichomo. Kidhibiti cha ndani, ambacho mafundi hukiita BMS, huhesabu mkondo unaoingia na unaotoka, kama karani anayeandika mapato na matumizi bila kufungua sanduku kuhesabu pesa. Volti nazo hazimsaidii sana, kwa kuwa betri za lithiamu za aina yetu hukaa karibu na volti zile zile kwa sehemu kubwa ya matumizi, iwe imejaa robo tatu au robo moja. Betri ikijaa kabisa ndipo karani hupata nafasi ya kusahihisha daftari lake. Isipojaa kwa wiki kadhaa, kama inavyotokea wakati wa masika mawingu yanapotanda kutwa, makosa madogo hulimbikizana hadi daftari likasema 40 ilhali sandukuni hamna kitu. Hapo betri ni nzima, na aliyekosea ni karani.

Ndiyo maana duka lolote litakalopokea malalamiko yako litaanza kwa kusema: ijaze kwanza. Mimi nilidhani wananizungusha, nikabishana nao, na nikapoteza wiki tatu kwa ukaidi wangu. Wewe ijaze kabla hawajakuambia. Kwa siku tatu mfululizo punguza matumizi ya usiku, na jua lisipotosha ichaji kwa umeme wa kampuni hadi ifike 100 na ikae hapo saa mbili au tatu, ili seli zipate kulingana. Kila siku piga picha ya skrini, na tarehe ionekane.

Baada ya hapo ndipo tutaipima, tujue kama ni ugonjwa wa pili, yaani betri yenyewe imepungukiwa na uwezo. Itazame karatasi ya dhamana, si ule ukurasa wa mbele wenye herufi kubwa, bali aya ndogo ndogo za nyuma zinazoeleza jinsi uwezo wa betri unavyopimwa. Ya kwangu ilisema kwamba kipimo hufanywa katika nyuzi 25 za Selsiasi, kwa mkondo wa moja ya tano ya uwezo, na nadhani yako itasema vivyo hivyo. Kwa betri ya volti 51.2 na ampia-saa 100 (ndicho kiasi cha umeme inachobeba), hiyo ni ampia 20 kwa saa tano, yaani mzigo wa kilowati 1 na ushei. Mzigo huo hauna budi kuwa wa kudumu. Pasi haifai, kwa sababu hujizima na kujiwasha yenyewe, na friji ni hivyo hivyo. Mimi niliazima taa 10 za zamani, zile za wati 100, kwa jirani anayekodisha mapambo ya harusi, nikaziwasha zote sebuleni adhuhuri, betri ikiwa imejaa na paneli zikiwa zimezimwa. Watoto wa mtaa walidhani tuna shughuli.

Inveta, yaani kile kifaa kinachougeuza umeme wa betri uwe wa kuwashia vyombo vya nyumbani, nayo hula sehemu yake, hivyo betri ilikuwa ikitoa kama kilowati 1.1. Betri mpya ya kilowati-saa 5.12 ingestahimili mzigo huo kwa zaidi ya saa nne na nusu. Yangu ilizimika baada ya saa mbili na dakika 40, na programu ya simu iliyounganishwa na BMS ikaonyesha kwamba zimetoka ampia-saa 57 kati ya 100. Dhamana ilikuwa imeahidi kwamba hata mwaka wa kumi betri haitapungua chini ya asilimia 70. Mimi nilikuwa katika mwaka wa tatu.

Lakini kilichonipa ushindi, sahibu, hakikuwa hiyo 57. Kilikuwa picha niliyoipiga dakika ile ile betri ilipozima. Katika ukurasa wa programu unaoonyesha seli moja moja, seli 15 zilikuwa bado juu ya volti 3.1, na moja, ya tisa, ilikuwa imeanguka hadi 2.5. BMS huzima betri nzima seli moja inapofika chini, hata kama wenzake bado wana nguvu, na hufanya vizuri, kwa sababu bila hivyo seli ile ingeharibika kabisa. Sasa angalia maana yake. Matumizi mabaya, au joto, au kuimaliza betri kila usiku, mambo hayo huzizeesha seli zote pamoja. Moja ikianguka peke yake ilhali wenzake 15 wamesimama, ni vigumu sana kumlaumu mwenye nyumba. Kwa hiyo picha hiyo usiikose. Mweke kijana mmoja awe anaitazama simu tangu saa ya pili ya kipimo, kwa kuwa baada ya betri kuzima, volti za seli hiyo hupanda tena na ushahidi hupotea.

Umeniandikia kwamba dukani walisema umeiharibu kwa joto. Nami waliniambia hivyo hivyo. Niliwajibu kwamba karatasi yao inaruhusu betri kuchajiwa hadi nyuzi 45, na kumbukumbu za BMS zinaonyesha kwamba haikupita 38. Na kwamba duka lao liko Mombasa, betri waliiuza Mombasa, na aliyekuja kuifunga alikuwa fundi wao, aliyepachagua mwenyewe mahali pa kuiweka huku akijifuta jasho. Hata hivyo, kwako wewe sitaficha: ulinieleza kwamba yako umeiweka katika stoo chini ya mabati matupu, tena ukuta wa magharibi. Hapo una kosa. Hata kama haitavuka kiwango cha karatasi, joto la namna hiyo hufupisha maisha ya betri yoyote. Itazame kumbukumbu ya juu kabisa ya joto kabla ya kuwajibu, na kama imepita kiwango, ujue kwamba dai lako litasimama kwa mguu mmoja, yaani ile picha ya seli.

Angalia pia kwamba dhamana hizi mara nyingi haziishi kwa miaka peke yake. Huandikwa miaka 10, au idadi fulani ya mizunguko (kujaa na kuisha mara moja ni mzunguko mmoja), au kiasi fulani cha nishati kilichopita ndani yake, chochote kitakachotangulia. Ukitumia asilimia 80 ya betri yako kila siku, hiyo ni kilowati-saa 4 na kidogo, au karibu megawati-saa 1.5 kwa mwaka. Kwa miaka miwili na miezi saba uliyonayo, uko chini kidogo ya megawati-saa 4. Linganisha na kiwango cha karatasi yako na uiandike hesabu hiyo ndani ya barua ya madai, wasije wakaitumia wao kukutisha.

Risiti yangu ilikuwa imeandikwa "betri 1" na bei, basi, bila nambari ya betri. Niliokolewa na ujumbe wa M-Pesa wa siku ya malipo, pamoja na picha aliyoipiga mke wangu siku ya kufungwa, ambamo kibandiko chenye nambari kilionekana nyuma ya bega la fundi. Ipige picha nambari yako leo, na uilinganishe na ile iliyo kwenye karatasi. Nambari hiyo ina faida nyingine pia: kuna nyakati kiwanda chenyewe hugundua kasoro na kuziita betri zirudi, kama LG Energy Solution ilivyofanya Marekani mwaka 2021 kwa betri za nyumbani zipatazo 10,000 zilizokuwa na hatari ya kupata moto, na hapo mwenye betri hujulikana kwa nambari tu.

Watakuambia pia kwamba lazima betri ipelekwe China ndipo ichunguzwe, na kwamba gharama ni juu yako. Usiogope. Betri kama hizi ni mzigo wa hatari katika sheria za usafirishaji, na tangu Aprili 2016 haziruhusiwi kama shehena katika ndege za abiria, kwa hiyo si jambo la kufunga boksi na kutuma. Kwa kawaida kiwanda humtaka mwagizaji alete picha, nambari, na kumbukumbu za BMS, ndiyo kusema vitu vile vile utakavyokuwa navyo mkononi. Mimi nilipowauliza ni meli gani itakayoichukua, mazungumzo ya China yakaisha.

Kuhusu sheria sitarefusha. Aliyepokea pesa zako ni duka, na duka si tarishi wa kupeleka barua kiwandani na kurudi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 inalitia nguvu neno hilo. Na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inachukulia kwamba, ukimweleza muuzaji kazi unayoitakia bidhaa na ukategemea ujuzi wake, bidhaa itaifaa kazi hiyo. Wakikataa kabisa, iko Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, inayotakiwa kutoa uamuzi katika siku 60, na ambamo unaweza kujisemea bila wakili. Mimi sikufika huko. Niliitaja tu katika aya ya mwisho ya barua yangu, kwa adabu, nikawapa siku 14, na siku ya tisa meneja akanipigia simu.

Usidhani nilipata betri mpya ndani ya nailoni yake. Karatasi ilisema "mpya au iliyokarabatiwa", nami nikaletewa iliyokarabatiwa, yenye mkwaruzo ubavuni. Muda wa dhamana haukuanza upya. Nilirithi miaka saba na ushei iliyobaki. Usafiri nililipa mwenyewe, na samaki walioharibika katika friji hakuna aliyewahi kuwaulizia. Niliipima betri ile kwa taa zile zile za harusi kabla sijatia saini ya kupokea, ikatoa ampia-saa 96, na meneja aliyekuja nayo alikaa sebuleni kwangu zaidi ya saa nne akinywa kahawa na kutazama saa yake. Kama wangeniletea iliyo chini ya 90 ningeirudisha, na wewe usikubali kutia saini kabla ya kupima, hata wakikuambia kwamba gari linangoja.

Jumamosi ijayo, inshallah, nitakuja na taa zile, nimekwisha kuziazima. Hakikisha betri imejaa ifikapo saa nne asubuhi, programu iwe imeshaunganishwa na simu, na hiyo stoo iwe wazi ipate upepo. Mwambie fundi wenu naye aje, mradi awache spana nyumbani. Tutahitaji mtu wa kuandika namba kila baada ya dakika 10. Wasalimie jamaa wote, na umwambie mama watoto kwamba siku hiyo friji itazimwa mchana kutwa, asije akanunua nyama mapema.

Wassalamu,
Sahibu yako wa Kisauni